Tundu Dogo Mgongoni: Historia ya Kichwa Kinachouma Baada ya Ganzi ya Uzazi

Mama aliyejifungua kwa upasuaji juzi anaamka asubuhi akijisikia vizuri. Mshono unauma, lakini hilo alilitarajia. Anainuka akae apate kumnyonyesha mtoto, na baada ya dakika chache kichwa kinaanza kumgonga, mbele kwenye paji na nyuma kisogoni. Shingo inakaza, masikio yanavuma, kichefuchefu kinampanda. Akijilaza chali, maumivu yanatulia. Akiinuka tena, yanarudi. Ndugu waliokuja na uji wanashauriana: labda damu imepungua, labda ni presha, au labda aliinua kichwa mapema ilhali aliambiwa alale bila mto.

Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyoenea zaidi, nayo inamtwika mama lawama isiyo yake. Chanzo cha maumivu haya kimejulikana kwa zaidi ya karne moja: ni tundu linalobaki kwenye utando unaofunika maji ya uti wa mgongo baada ya sindano ya ganzi kuchomolewa. Jinsi watu walivyojifunza kuyazuia ni kisa kirefu chenye ubishi na ukaidi mwingi, na mwisho wake ni kwamba kinga iko mkononi mwa anayechoma sindano, wala haiko shingoni mwa anayelala kitandani.

Kiel, Agosti 1898

Aliyeyaeleza maumivu haya kwa kina mwanzoni kabisa hakuwa mzazi. Alikuwa daktari mpasuaji wa Kijerumani, August Bier, aliyefanya kazi katika mji wa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani. Vifaa alivyovihitaji vilikuwa tayari vimevumbuliwa na wengine. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alikuwa amegundua kwamba matone ya kokeni hulitia jicho ganzi. Mwaka 1891, katika mji huohuo wa Kiel, Heinrich Quincke alikuwa ameeleza namna ya kupitisha sindano katikati ya pingili za kiuno mpaka kwenye maji ya uti wa mgongo, akitaka kupunguza shinikizo kichwani mwa wagonjwa wake. Bier aliunganisha mambo hayo mawili: kama sindano inaweza kuyafikia maji yale, kwa nini isipeleke dawa ya ganzi?

Tarehe 16 Agosti 1898 alimchoma kibarua mwenye umri wa miaka 34 aliyekuwa na kifua kikuu kwenye kifundo cha mguu. Miligramu 15 za kokeni zilitosha. Mguu ulifanyiwa upasuaji huku mwenyewe akiwa macho, asisikie maumivu. Lakini baada ya operesheni alitapika na kuumwa kichwa. Wengine watano walifuata, na baadhi yao walipata mateso hayohayo.

Bier alitaka kujua kwa mwili wake mwenyewe. Tarehe 24 Agosti alimwomba msaidizi wake, August Hildebrandt, amchome. Sindano iliingia vizuri, ila bomba la dawa halikukaa sawasawa juu yake, na kabla hawajafaulu kulirekebisha, kokeni nyingi ilikuwa imemwagika na maji ya uti wa mgongo ya Bier yalikuwa yametoka kwa wingi. Jaribio likakatishwa. Hildebrandt akakubali achomwe yeye, na safari hii ganzi ilishika barabara. Bier alimgonga muundi kwa nyundo ya chuma na kumgusisha sigara inayowaka, na mwenzake hakusikia maumivu. Jioni walikula pamoja, wakanywa mvinyo na kuvuta sigara.

Usiku huo Hildebrandt aliumwa kichwa na kutapika. Bier aliamka salama, lakini baadaye siku ileile kichwa kilimbana na kizunguzungu kikamshika kila aliposimama. Alipolala yote yaliondoka. Alikaa kitandani siku tisa, na alipoyaandika hayo mwaka 1899 alieleza dalili ileile anayoieleza mama wa leo: kuinuka ni maumivu, kulala ni nafuu. Alihisi pia sababu yake, kwamba amepoteza maji mengi mno. Yeye ambaye dawa haikumwingia vilivyo ndiye aliyelala siku tisa, na yule aliyepata ganzi kamili alirudi kazini kesho yake. Mtu angetazama kwa makini tofauti hiyo peke yake, angeacha kuishuku dawa na kuanza kulishuku tundu.

Kokeni yalaumiwa

Haikuwa hivyo. Mbinu ilienea upesi. Mjini Paris, Théodore Tuffier aliitumia na kuitangaza. Mwaka 1900 Oskar Kreis wa Basel, Uswisi, aliwachoma wanawake sita waliokuwa katika uchungu wa kuzaa, na hivyo ganzi ya mgongo ikaingia kwenye chumba cha uzazi ikiwa bado changa. Maumivu ya kichwa yaliifuata kila ilikokwenda, na madaktari wengi waliamini kwamba kokeni ndiyo sumu inayoyaleta.

Kokeni kwa kweli ilikuwa na sumu, na ilikuwa haki itafutiwe mbadala. Alfred Einhorn wa Ujerumani alitengeneza dawa ya novokaini, na kuanzia 1905 Heinrich Braun akaipigia debe kwa wapasuaji. Kwa mambo mengi ilikuwa salama zaidi, lakini vichwa viliendelea kuuma. Hata wagonjwa waliochomwa ili kutolewa maji ya uchunguzi tu, pasipo dawa yoyote, waliamka na maumivu yaleyale.

Mwaka 1918 daktari wa Marekani, R. G. MacRobert, aliandika bayana kwamba tundu linabaki wazi na maji yanaendelea kuvuja ndani kwa ndani siku kadhaa baada ya sindano kutoka. Uthibitisho ulikuja mwaka 1943, Kunkle, Ray na Wolff walipowatoa maji ya uti wa mgongo watu wazima waliokubali kujaribiwa wakiwa wima. Walipofikia kiasi cha mililita 20 hivi, kichwa kilianza kuuma. Maji ya chumvi yaliporudishwa mahali pake, maumivu yaliondoka.

Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya tena. Ubongo unaelea ndani yake. Yakivuja haraka kuliko yanavyotengenezwa, na mtu akasimama, ubongo hushuka kidogo na kuvuta tando na mishipa inayoushikilia, na tando hizo zina neva za maumivu. Mishipa ya damu kichwani nayo hutanuka ili kujaza nafasi iliyoachwa, na kutanuka huko kunaongeza maumivu. Mtu akilala, mvuto unakwisha. Tundu likiziba, maji hurudi kiasi chake na kichwa hupona chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Wiki mbili za aina hiyo ni nyingi mno kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga na mshono tumboni.

Zamu ya wazazi

Mwaka 1946 Curtis Mendelson wa New York alichapisha uchunguzi uliobadilisha ganzi ya uzazi. Kati ya wajawazito 44,016 waliohudumiwa kuanzia 1932 hadi 1945, alipata 66 ambao, wakiwa wamelazwa kwa nusukaputi, vitu vya tumboni vilipanda na kuingia mapafuni. Mimba hulisukuma tumbo la chakula juu na kulegeza mlango wake, kwa hiyo kumlaza mzazi usingizi mzito kuna hatari ya pekee. Kumtia ganzi kutoka kiunoni kwenda chini huku akipumua mwenyewe kulikuwa njia ya kuikwepa hatari hiyo.

Wakati huohuo, katika New Orleans, John Adriani na mwenzake walikuwa wakieneza ganzi ndogo ya mgongo kwa wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Ganzi ya mgongo ikawa jambo la kila siku katika wodi nyingi za wazazi Marekani, na hapo ndipo ukubwa wa tatizo ulipoonekana. Wanawake wenye umri wa kuzaa ndio kundi linaloumwa zaidi baada ya sindano hii. Wazee hawaumwi sana, na wanaume huumwa mara chache zaidi. Mzazi aliyesukuma mtoto kwa nguvu, tena akapoteza maji ya mwili, yuko pabaya zaidi.

Walioonyesha hilo kwa hesabu isiyopingika ni Leroy Vandam na Robert Dripps wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliwafuatilia wagonjwa baada ya ganzi za mgongo 10,098, wakawauliza wanavyojisikia hata baada ya kuondoka hospitali, na mwaka 1956 wakatoa matokeo. Takriban mgonjwa mmoja katika kila tisa aliumwa kichwa. Wanawake waliumwa karibu mara mbili ya wanaume, na waliojifungua kwa njia ya kawaida waliumwa zaidi ya kila kundi. Kadiri sindano ilivyokuwa nene, ndivyo walioumwa walivyoongezeka. Wapo walioendelea kuumwa kwa miezi.

Ncha inayopasua na ncha inayopenya

Sindano za ganzi hupimwa kwa geji, na namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: geji 22 ina upana wa milimita 0.7 hivi, geji 25 karibu 0.5, na geji 27 karibu 0.4. Somo la kwanza la kinga lilikuwa kupunguza upana. Mwaka 1928 Lincoln Sise wa Boston alibuni sindano fupi nene ya kutangulia, inayotoboa ngozi na nyama tu, ili ile nyembamba ipite ndani yake bila kupinda. Mwaka 1950 Barnett Greene alitangaza sindano ya geji 26 kwa ajili ya wazazi hasa, na maumivu yakapungua kwa kiasi kikubwa.

Lakini kuna kikomo cha wembamba. Sindano nyembamba mno hupinda njiani, maji huchelewa kuonekana kwenye kikonyo chake, na mchomaji hulazimika kurudia. Kila akirudia, huenda ameacha tundu jingine. Ndiyo maana swali la pili, umbo la ncha, likawa na uzito kuliko la kwanza.

Sindano iliyoachwa na Quincke, ambayo bado ina jina lake, ina ncha iliyokatwa mshazari na yenye makali, nayo hupasua utando. Tangu miaka ya 1920 daktari mwingine wa Marekani aitwaye Greene, H. M. Greene, alikuwa amependekeza ncha ya mviringo isiyokata. Mwaka 1951 James Hart na Rolland Whitacre wa Cleveland, Ohio, wakaleta sindano yenye ncha kama ya penseli iliyochongwa, ambayo tundu lake la kutolea dawa liko ubavuni, juu kidogo ya ncha. Wazo lao lilieleweka kwa urahisi: sindano hii hupita kati ya nyuzi za utando kama shazia ipitavyo kati ya ukili wa mkeka, nyuzi zikisogea na kurudi mahali pake.

Wazo zuri hilo lilikaa zaidi ya miaka 30 likitumika kidogo tu. Sindano za Quincke zilikuwa rahisi kutengeneza na kila mtu alizizoea. Katika uzazi, wengi walichoka na vichwa vinavyouma wakahamia kwenye ganzi ya epidura, ambayo dawa yake huwekwa nje ya utando. Ila sindano ya epidura ni nene, mara nyingi geji 16 au 18, na mchomaji akiteleza akatoboa utando kwa bahati mbaya, zaidi ya nusu ya wazazi hao huumwa kichwa. Uchunguzi uliofanyika Birmingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1993, uliwafuatilia wanawake waliotobolewa hivyo, ukakuta kwamba kwa baadhi yao kichwa na shingo viliuma kwa miaka.

Mabadiliko yalitoka tena Ujerumani. Mwaka 1987 Günter Sprotte wa Würzburg na wenzake walitoa taarifa ya miaka sita kuhusu sindano mpya ya ncha ya mviringo, iliyotumika katika ganzi zaidi ya 30,000. Viwanda sasa viliweza kuitengeneza nyembamba na imara. Miaka ya 1990 ganzi ya mgongo ilirudi kwa kishindo katika upasuaji wa uzazi: inashika ndani ya dakika chache, inatumia dawa kidogo, mama yuko macho akimwona mwanawe, na kwa sindano ya ncha ya penseli ya geji 25 au 27 wanaoumwa kichwa ni wachache, karibu mmoja katika kila mia katika taarifa nyingi.

Ile hoja ya nyuzi kusogea na kurudi haikuwa sahihi yote. Mwaka 2000 Miguel Ángel Reina na wenzake wa Hispania walitazama kwa darubini ya elektroni matundu yaliyoachwa na sindano za aina zote mbili. Ncha ya makali ilikuwa imeacha mkato safi. Ncha ya penseli ilikuwa imeacha tundu lenye kingo zilizochanika ovyo, na nyuzi zimevurugika. Walieleza kwamba huenda jeraha hilo baya ndilo linalouamsha mwili kuvimbisha mahali pale na kuziba upesi, wakati mkato safi unabaki wazi. Maelezo ya Hart na Whitacre yalihitaji kusahihishwa, lakini sindano yao ilisimama imara. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 110 kutoka nchi 29, yenye washiriki zaidi ya 31,000. Waliochomwa kwa ncha ya kukata waliumwa kichwa kwa asilimia 11, na wa ncha isiyokata asilimia 4.2, huku kazi ya sindano ikifanyika sawasawa kwa zote mbili.

Amri ya kulala bila mto

Wakati sindano zikibadilika, amri moja ilibaki palepale tangu siku za Bier: mgonjwa alale chali saa 24, asiinue kichwa. Ilikuwa na mantiki, kwa kuwa anayelala haumwi. Lakini kumwondolea mtu dalili ni jambo moja, na kuzuia tundu lisivuje ni jambo jingine. Mwaka 1981 madaktari wa Uholanzi, Carbaat na van Crevel, waliwagawa wagonjwa 100 waliotolewa maji ya mgongo: nusu wakalazwa saa 24, nusu wakaruhusiwa kuinuka mara moja. Walioumwa walikuwa sawa kwa pande zote. Waliolazwa walichelewa tu kuanza kuumwa. Mapitio ya baadaye ya shirika la Cochrane, yaliyokusanya majaribio mengi, yalifikia uamuzi huohuo, na hayakukuta ushahidi kwamba kumnywesha mgonjwa maji mengi kupita kawaida kunamkinga.

Kumlaza mzazi siku nzima kuna gharama. Damu hukaa miguuni na inaweza kuganda, mtoto huchelewa kunyonya vizuri, na mama akiumwa anajiona ameyasababisha mwenyewe. Akishaumwa tayari, kulala kunampa nafuu, na alale kadiri anavyotaka. Lakini asiambiwe kwamba angelala bila mto asingeumwa.

Damu yake mwenyewe

Kwa wale ambao kinga imeshindwa na maumivu yamekuwa makali, tiba ilipatikana kwa jicho kali la daktari mmoja. James Gormley wa Marekani aliona kwamba wagonjwa ambao sindano yao ilitoka na damu hawakuumwa sana kichwa. Mwaka 1960 aliandika kuhusu wagonjwa saba, naye mwenyewe akiwa mmojawao, waliodungwa mililita chache za damu yao nje kidogo ya utando, mahali palipotobolewa. Miaka kumi baadaye Anthony DiGiovanni na Burdett Dunbar walionyesha kwamba kiasi cha mililita 10 kinafanya kazi vizuri zaidi. Damu huganda juu ya tundu na kurudisha shinikizo, na wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Lazima ifanywe kwa usafi mkubwa na mtu aliyefunzwa. Dawa za maumivu na kahawa husaidia kupunguza ukali wakati wa kusubiri, ila havizibi tundu.

Kinachobaki kufanywa

Leo katika hospitali nyingi za wilaya za Afrika Mashariki, ganzi ya mgongo ndiyo njia ya kawaida ya upasuaji wa uzazi. Bupivakaini iliyochanganywa na glukosi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kutoa ganzi huitumia usiku na mchana mahali ambapo hakuna daktari bingwa. Wanafanya kazi inayookoa maisha. Lakini sindano ya makali ni ya bei nafuu kuliko ya ncha ya penseli, na mara nyingi ndiyo inayokutwa stoo. Mchomaji mwenye sindano hiyo peke yake bado anaweza kumpunguzia mama hatari: achague iliyo nyembamba, aelekeze makali yake sambamba na urefu wa mgongo, na asirudierudie. Akishindwa mara mbili tatu, amwite mwenzake.

Wodini, mama anayeumwa kichwa asidharauliwe, na asipewe jina la ugonjwa huu kabla hajapimwa. Kichwa kinachouma hata akiwa amelala, au kinachokuja na homa, kuona ukungu, presha kupanda, degedege au udhaifu wa upande mmoja, kinaweza kuwa kifafa cha mimba, homa ya uti wa mgongo au damu kuvuja kichwani, na hapo kila saa ina thamani.

Hatua kubwa katika safari hii zilipigwa pale mtu alipouliza na kuandika. Vandam na Dripps hawakuwa na sindano bora kuliko wenzao. Walikuwa na subira ya kumfuata mgonjwa nyumbani na kumwuliza anaendeleaje. Kila hospitali yenye chumba cha upasuaji inaweza kufanya hivyo kwa daftari moja: geji gani, ncha gani, alichomwa mara ngapi, na je, siku ya tatu na ya tano kichwa kiliuma? Daftari la miezi michache litawaonyesha wenyewe wanapokosea. Kisha litamfikia anayeagiza vifaa, ambaye huenda hajawahi kumwona mama akishindwa kukaa anyonyeshe, nalo litakuwa na namba za kumshawishi kuhusu tofauti ya bei ya sindano. Dawa, ujuzi na sindano vipo. Kilichobaki ni kuyachukulia maumivu ya wazazi kuwa jambo la kuhesabiwa, na hilo halihitaji uvumbuzi wowote mpya.